Bwana Harusi Hasemi

Nafula wa soko la Umoja alikuwa na mdomo ambao Mungu aliutengeneza siku aliyokuwa na nafasi. Angekuuzia mboga ya mrenda iliyolala, ukaondoka ukimshukuru, na kesho ukamleta jirani yako naye auziwe. Wateja walimwita Redio. Yeye hakukasirika; aliona ni cheo.

Kwa hiyo ilikuwa ajabu, Alhamisi hiyo jioni, kumkuta sebuleni kwake akimwomba mtu mwingine apunguze maneno.

Mtu huyo alikuwa Patrobas, kaka wa marehemu mumewe, mzee wa koti la kijivu na kikohozi cha kuanzia hotuba. Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya kupeleka mbuzi mtaa wa Fedha kwa Mzee Kisilu, ili Masinde, kifungua mimba wa Nafula, apewe binti yake Ndindi. Kwa Wakamba kama Kisilu, mbuzi hao, wanaoitwa wa ntheo, wasipochinjwa na kuliwa na pande zote mbili, hakuna ndoa, hata mkiwa na cheti cha kanisa na picha ukutani. Patrobas ndiye angekuwa msemaji, na alikuwa akifanya mazoezi.

"Nikishamaliza habari za ukoo," alisema, "ndipo nitasema kijana wetu hasikii tangu ile homa ya utotoni."

"Hapo ruka, shemeji."

"Nirukeje? Hiyo ndiyo kazi ya msemaji. Habari za kijana tunazipeleka sisi, nzuri na mbaya."

"Kwa wale wa kwanza tulizipeleka," Nafula alisema. "Tulipata nini?"

Patrobas akakohoa, na safari hii haikuwa kwa sababu ya hotuba. Wale wa kwanza, wazazi wa msichana mwingine walikopeleka posa, walikuwa wamewasikiliza vizuri mpaka neno kiziwi. Hapo mama wa msichana alianza kukusanya vikombe, chai ikiwa bado inatoa moshi, akisema hakumsomesha binti yake aje kuwa mkalimani wa mtu. Nafula aliachwa ameshika mkate aliokwisha kuuma, hajui aurudishe au aumeze. Siku ile aliapa kwamba hatasimama tena mbele ya watu kumtangaza mwanawe kama sufuria iliyotoboka.

"Hebu nijibu, shemeji. Siku ya mbuzi, bwana harusi huongea?"

"La. Bwana harusi hasemi. Anasemewa."

"Akiulizwa swali?"

"Haulizwi. Na akijitia kujibu ni utovu wa adabu, tunaweza kutozwa faini."

"Basi mila zenyewe zimetusaidia!" Nafula alipiga kofi. "Atakaa, atanyamaza, atasifiwa. Mbuzi wakishaliwa, baba mtu atakuja kujua polepole. Nani atatapika mbuzi?"

Patrobas alirudi kwenye habari za ukoo. Kushindana na Redio kulihitaji kifua, na chake kilikuwa na pumu.

Mourine, mdogo wake Masinde, alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya duka la simu, begi bado begani. Yeye ndiye aliyekuwa masikio ya kaka yake tangu wakiwa wadogo. Walikua wakiongea kwa mikono chini ya meza, juu ya meza na wakati wa kulala taa ikiwa bado haijazimwa.

"Mathe, mko serious? Mnataka kumficha Masinde, na yeye mwenyewe atakuwa amekaa hapo mbele ya watu? Hiyo itawachomea, nawaambia."

"Wewe Jumamosi mikono yako ikae mfukoni. Nikiona hata kidole kimeinuka, utarudi Umoja kwa miguu."

"Na Ndindi anajua hiyo plan?"

Ndindi hakujua. Alikuwa akiuza vitambaa vya makochi Eastleigh, na Masinde alikuwa fundi wa makochi kando ya barabara ya Outer Ring. Walianza kwa kuandikiana kwenye simu kuhusu bei ya velveti, na kabla mwaka haujaisha msichana alikuwa akiongea kwa mikono mpaka wapita njia wanasimama kutazama. Ndindi alimwambia mama yake kila kitu. Kumwambia baba aliwaachia wazee wa Masinde, maana ndivyo inavyotakiwa: habari za kijana haziletwi na msichana ambaye mapenzi yamekwisha kumharibia mizani.

"Anajua tutasema," Nafula alijibu. "Na tutasema. Baadaye."

Masinde akaingia akipangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. Alitazama nyuso tatu zilizonyamaza ghafla, akamgeukia dada yake na kumuuliza kwa vidole. Mourine akamtazama mama yake.

"Mwambie tunahesabu mbuzi," Nafula alisema.

Mikono ya Mourine ilisema hivyo, bila furaha. Masinde hakuridhika. Alimgeukia mama yake mwenyewe akaanza kusema jambo refu, mikono ikienda na kurudi, uso ukiuliza. Nafula akatabasamu, akamwonyesha vidole mdomoni: kula. Ndivyo alivyokuwa akimaliza mazungumzo naye miaka yote. Masinde akashusha mikono na kwenda kunawa.

*

Walifika Fedha wakiwa wamechelewa, kwa sababu mbuzi mmoja aliyenunuliwa soko la Kiamaiko alikataa kupanda gari la kukodi, na kwa sababu Patrobas alisahau meno yake ya bandia ikabidi warudi. Lango lilikuwa limefungwa. Ndani wanawake waliimba kuwakejeli, nje Nafula akawajibu beti kwa beti, na kwa mdomo wake faini ya kuchelewa ikashuka kutoka kreti nne za soda hadi mbili. Lango likafunguliwa kwa vigelegele. Nafula akaingia kifua mbele, akiona siku imeanza kumtii.

Mzee Kisilu alikuwa dereva mstaafu wa serikali na shemasi wa kanisa. Aliendesha shughuli yake kwa utaratibu, mikono yote miwili juu ya meza. Aliwakaribisha kwenye hema uani, akaomba sala ndefu iliyopita Machakos na kufika Kitui, na akasema amina. Masinde, ambaye hawezi kufumba macho watu wakisali kwa kuwa hatajua wamemaliza saa ngapi, alikuwa ameyakodoa muda wote.

"Nimeona kijana anaomba macho wazi," Mzee Kisilu alisema.

Nafula akataka kudakia, akachelewa.

"Kwetu sisi madereva, hiyo ni tabia nzuri sana."

Hema likacheka. Masinde alipoona watu wanacheka, naye akacheka, kwa kiasi, kama inavyompasa mkwe. Patrobas akasimama na koti lake. Alipanga ukoo kuanzia mababu wa Kibukusu kule Bungoma, akasifu kazi ya kijana, akasifu makochi yake, akafika pale, akakohoa, na akaruka. Mourine alikuwa amekalia mikono yake.

Kila kitu kikaenda kama Nafula alivyotabiri, na zaidi. Shangazi mmoja wa Ndindi alimsalimia Masinde kutoka nyuma, mara ya kwanza na ya pili, asijibiwe. Patrobas akawahi kusema kijana ana haya mbele ya wakwe. Shangazi akafurahi mpaka akakaa. Watoto wakaangusha sinia la vikombe, kelele zikapasua hema, kila mtu akaruka isipokuwa bwana harusi.

"Mwaona?" Mzee Kisilu akawaambia ndugu zake. "Mtu mtulivu. Vijana wa leo wanajibu kabla hujauliza, na simu ikilia wanakuacha katikati ya sentensi. Huyu tangu aingie hajatoa neno. Hiyo ndiyo adabu niliyokuwa nikiitafuta."

Wazee wakatikisa vichwa. Nafula alitakiwa kufurahi, na kwa kweli alifurahi, ila furaha yenyewe ilikuwa na mfupa. Masinde alikuwa akimtazama mdomo mkwe wake, akitabasamu asipopaswa na kuacha kutabasamu akiwa amechelewa. Nyumbani kijana huyu hakuwa mtulivu hata kidogo. Alikuwa mcheshi, alijua kuigiza kila jirani wa ploti mpaka Mourine anashika mbavu. Hapa alikuwa amekaa kama mgeni kwenye msiba wa watu asiowajua.

Mama Ndindi, jina lake Kavata, alimletea Nafula sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na akainama karibu na sikio lake.

"Mama, wazee wenu wameshamwambia mzee wangu?"

"Bado kidogo tu."

"Bado kidogo mpaka lini? Mbuzi wanachinjwa baada ya msichana kutambuliwa. Baada ya hapo si kumwambia tena, ni kumshtua."

Nafula akameza punje moja ya muthokoi nzima.

*

Kutambuliwa kwa msichana ndiko watu walikokuwa wakingojea. Wasichana watano waliletwa wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wote wamevalishwa malapa ya aina moja, wakapangwa mstari mbele ya hema. Bwana harusi alitakiwa kumtoa wake. Akikosea, faini ni mbuzi mwingine, na aibu ambayo hata mbuzi hailipi.

Wanawake wa upande wa Nafula walianza kumpigia kelele za kumsaidia. "Wa pili! Anayumbayumba!" "Hapana, wa mwisho, angalia kiuno!" Masinde alipita mbele ya mstari taratibu, akarudi. Hakuna sauti iliyomsaidia wala kumpotosha. Akasimama katikati, akageuka, akamtazama mama yake. Nafula akampungia mkono: chagua, chagua!

Masinde hakuchagua. Aliinua mikono yake yote miwili, mbele ya ukoo mzima wa Kisilu, akauliza swali.

Hema lilidhani ni mchezo, watu wakaanza kucheka. Kisha leso ya nne ikatikisika. Ikafunguka kifuani, na ikatoka mikono miwili yenye hina mpya, ikamjibu. Masinde akauliza tena. Mikono ikajibu kwa kasi zaidi, kidole kimoja kikapiga kiganja kwa nguvu, na hata mtu asiyejua neno la lugha ya ishara alielewa kwamba mwenye mikono ile amekasirika. Vicheko vikakatika.

"Amesema nini?" Nafula akamnong'oneza Mourine.

"Si ulisema nikae na mikono mfukoni?"

"Mourine! Amesema nini?"

"Amemuuliza kama baba yake ameambiwa. Ndindi amesema hajaambiwa. Amesema, mwambie mwenyewe."

Ndindi akatupa leso. Alikuja akasimama kando ya Masinde, nywele zimesimama, na Masinde alipoanza kusema kwa mikono yeye akatoa sauti.

"Baba, anasema jina lake ni Masinde. Anasema hasikii tangu akiwa mtoto. Alidhani mmeambiwa. Anaomba radhi kwa adabu aliyosifiwa, si yake. Na anasema faini ilipwe na aliyeficha, lakini yeye asirudishwe nyumbani kwa kosa ambalo hakulifanya."

"Kumbe ni bubu!" mzee mmoja akasema.

"Kiziwi, ami," Ndindi akamjibu. "Bubu angalau ungepumzika. Huyu ukimpa nafasi hamalizi."

Mtu mmoja akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Mzee Kisilu alisimama, akarekebisha shati, akatoka nje ya hema na ndugu zake watatu. Kando ya ukuta mbuzi waliendelea kutafuna maganda ya ndizi, hawana habari kwamba maisha yao yanajadiliwa. Patrobas aliinamisha uso kwenye viganja. Nafula, ambaye hajawahi kukosa la kusema sokoni, kanisani wala matangani, alikaa ameshika sahani. Kwa mara ya pili alikuwa na chakula mkononi, na safari hii hakuna wa kumlaumu ila yeye.

*

Mzee Kisilu aliporudi hakuketi.

"Mama Masinde, umenifanya nisimame mbele ya ukoo wangu nikasifu adabu ya mtu ambaye hakunisikia. Watanicheka mpaka Krismasi, na si kitu, mimi nimeshachekwa." Akamtazama Masinde, kisha mama yake. "Ungeniambia mapema, huenda ningekataa. Mimi ni shemasi, sitadanganya kwenye hema. Ningekataa, kisha ningelala nikafikiri. Lakini hukunipa hata nafasi ya kufikiri. Uliamua mwenyewe mimi ni mtu wa aina gani."

"Mzee, nilichoka kuona mwanangu akirudishwa," Nafula alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata yeye aliishangaa.

"Nakuelewa. Sasa nataka kujua jambo moja, maana na mimi nitaishi naye. Wewe huongea naye vipi?"

"Mourine hunisaidia."

"Mourine akiwa kazini?"

"Namwandikia kwenye simu. Anasoma vizuri sana."

"Na kabla hajajua kusoma?"

Kilichomjia Nafula kilikuwa siku za utoto wa Masinde. Mtoto alisimama mlangoni akirusha mikono, ametoka shule ya viziwi na habari za siku nzima, naye akampa andazi. Shule ilikuwa na mafunzo ya wazazi kila Jumamosi. Mwalimu alimwalika mara nyingi, mwisho akaacha. Jumamosi ni siku ya soko, alikuwa akisema, na soko ndilo linalomlipia karo. Yote mawili yalikuwa kweli. Msichana wa duka la vitambaa alikuwa na kazi pia, na alijifunza. Aibu ilimpanda Nafula mpaka machoni, na hakujaribu kuizuia.

"Sikuongea naye," alisema. "Nilimlisha."

Kavata akashika mdomo kwa upindo wa leso. Mzee Kisilu alikuwa amejiandaa kwa mabishano, maana sifa za Redio zilikuwa zimefika hata Fedha, na sasa hakujua pa kuweka hasira yake. Akaketi.

"Tumekubaliana faini," alisema mwishowe. "Mbuzi hawachinjwi mpaka wewe mwenyewe umwambie mwanao umemleta hapa kufanya nini. Kwa mikono. Mourine asikusaidie, na huyu wangu asikusaidie."

"Mzee," Patrobas akadakia, "hiyo ni kali. Tuongeze kreti."

"Kreti mmeshalipa."

Nafula alisimama. Alitembea mpaka mbele ya mwanawe, mbele ya macho ya watu wote, akainua mikono ambayo ilijua kusema kula, njoo, lala, na funga mlango. Kwa maneno hayo huwezi kumwoza mtu. Akamwonyesha Ndindi kwa kidole, akamwonyesha yeye, akagonganisha ngumi mbili. Akaona haitoshi, akaweka vidole kichwani kuwa pembe za mbuzi. Watoto wakaangua kicheko. Masinde naye alicheka, kisha akamuuliza kitu kwa mikono, polepole sana, kama anayemwuliza mgeni wa nchi nyingine. Nafula alitazama vidole vile kwa bidii yake yote. Vilipita, havikumwachia hata neno.

"Sijui," alisema kwa sauti. "Mwanangu, sijui."

Masinde hakuhitaji kusikia. Uso wa mama yake ulikuwa wazi mbele yake. Alisogea, akaishika mikono yake, ile yenye weusi wa mboga za managu kwenye kucha ambao hata sabuni ya harusi haikuutoa. Akakunja kidole kimoja, akanyoosha kingine, akaupeleka mkono kifuani kwa mama yake na kuurudisha kwake. Nafula akakosea. Masinde akatikisa kichwa, akaanza upya, bila haraka. Akakosea tena. Mara iliyofuata Masinde alimwachia, na mikono ya Nafula ikaenda yenyewe mpaka mwisho.

"Nimesema nini?" akamuuliza Ndindi.

Ndindi alimtazama baba yake. Baba akainamisha kichwa kukubali.

"Umesema, 'Huyu ni mwanangu.'"

Nafula akafuta pua kwa nyuma ya mkono. Kisha akageuka, akampa Masinde mgongo na kuwatazama watu wote, Wakamba na Wabukusu, wazee na watoto waliomcheka, akawaambia vilevile kwa mikono, mara moja, bila kutoa sauti.

Mzee Kisilu akawaashiria vijana wachukue mbuzi na visu. Mbuzi wakavutwa kuelekea nyuma ya nyumba, wakilalamika. Yeye hakuwatazama. Alikuwa amesukuma kikombe chake kando na kuinua mikono yake minene ya udereva hewani, kidole kimoja kimekunjwa vibaya.

"Rudia, Mama Masinde," alisema. "Polepole. Nimekaa mbali, huo mkono wa mwisho sikuuona vizuri."